Je, wajua kwa nini tangawizi hutangulia sufuriani na ndimu huingia mwisho?

Mafua yakianza kuzunguka mtaani, nyumba nyingi kuanzia Mombasa hadi Mbeya huteleka sufuria ile ile: maji, tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili tatu, kisha ndimu na asali. Kenya kinywaji hiki wamekiita dawa, na ukiagiza dawa mkahawani Nairobi hakuna atakayekuuliza unaumwa nini, unaletewa kikombe chako. Tanzania wengi husema tu chai ya tangawizi na limao.

Bibi aliyenilea alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Tangawizi iingie kwanza, maji yangali baridi. Ndimu iingie mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa maneno mawili: "Ndimu haipikwi." Nilichukua miaka mingi kujua kwamba maneno hayo mawili yangeliokoa jeshi la majini la Uingereza na taabu kubwa.

Tuanze na tangawizi. Ukali wake unatokana zaidi na kitu kiitwacho gingeroli. Mdomoni na kooni tuna vipokezi vya neva ambavyo kazi yake ni kutambua moto. Hushtuka joto likifika kama nyuzi 43. Mwaka 1997 mwanasayansi wa Marekani, David Julius, na wenzake walionyesha kwamba kipokezi hicho hicho huamshwa na ukali wa pilipili, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Gingeroli nayo hubisha hodi kwenye mlango huo huo. Ubongo unapata habari kwamba koo linaungua, ilhali haliungui. Ndiyo maana kikombe cha tangawizi kilichokwisha kupoa bado kinakupasha kifua.

Sasa, gingeroli haiyeyuki vizuri kwenye maji, na imejificha ndani ya nyuzi ngumu za tangawizi. Ukiitumbukiza vipande vizima kwa dakika mbili utapata maji yenye harufu tu. Inataka kupondwa, na inataka muda: dakika kumi hadi kumi na tano za kuchemka taratibu. Moto nao unaibadilisha. Sehemu ya gingeroli hugeuka zinjeroni, ambayo ni laini zaidi na ina utamu wa mbali, kwa hiyo tangawizi iliyochemka vizuri huwa na ukali wa kistaarabu kuliko ile iliyokamuliwa mbichi. Tangawizi iliyokaushwa ni habari nyingine. Ikikaushwa, gingeroli hugeuka shogaoli, jina lililotoka kwenye neno la Kijapani la tangawizi, na shogaoli ni kali takriban mara mbili. Anayezoea tangawizi mbichi ya Same, akinunua ya unga dukani akapima kijiko kile kile, watoto watamlilia.

Kuna sababu nyingine ya tangawizi kutangulia, na hii huwaponza hasa wanaopenda chai ya maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, zinjibaini, ndugu wa kile kilichomo kwenye papai bichi tunalotumia kulainisha nyama. Ukikitia kwenye maziwa ya moto yasiyochemka, maziwa yanakatika. Kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, wanafanya hivyo makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi mbichi, yakaganda kama faluda, wakala kwa kijiko. Sisi tunaotaka chai, si faluda, tuichemshe tangawizi kwenye maji peke yake kwanza. Mchemko ukishafika, kimeng'enya kimekufa, na maziwa yanaingia kwa amani. Nimeona watu wakilaumu maziwa ya muuzaji kwamba yamechacha, kumbe kosa lilikuwa mpangilio.

Mdalasini na karafuu huandamana na tangawizi, kwani gamba la mti na tumba la ua lililokaushwa havitoi siri zake haraka. Iliki ipasue, uitie dakika chache za mwisho. Na funika sufuria, tafadhali. Ile harufu nzuri inayojaa nyumba nzima ni mafuta ya viungo yanayoruka na mvuke. Kila unachokinusa sebuleni kimeshakosekana kikombeni. Kifuniko huurudisha mvuke chini.

Turudi kwenye ndimu, maana hapa ndipo hadithi inapokolea.

Tarehe 7 Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Mombasa akiwa na mabaharia waliokuwa wameugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C: ufizi unavimba, meno yanalegea, viungo vinauma. Sultani wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa na malimau kwa wingi, na miwa. Mwandishi wa shajara ya safari hiyo aliandika kwamba wagonjwa wote walipona, akaisifu hali ya hewa ya Mombasa. Machungwa alikuwa ameyataja mwenyewe katika habari zile zile, ila hakuyaunganisha na uponaji! Januari 1499, walipofika Malindi wakirudi kutoka India baada ya miezi mitatu baharini na watu 30 kufa njiani, wagonjwa waliyatamani mno machungwa, na nahodha akatuma watu nchi kavu kuyaomba. Yaliletwa kesho yake, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzidiwa.

Karibu miaka 250 baadaye, mwaka 1747, daktari wa meli wa Kiskoti James Lind alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake: siki, maji ya bahari, na kadhalika. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini siku hizo zilitosha, na mmoja wao alikuwa amesharudi kazini.

Basi Lind, akiwa na ushahidi huo mkononi, alifanya nini? Aliona matunda hayawezi kukaa melini miezi, akapendekeza maji yake yapashwe moto kwa saa nyingi hadi yapungue yawe mazito kama asali, ndipo yafungwe kwenye chupa. Aliyapika malimau. Joto la muda mrefu pamoja na hewa viliharibu sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kinaponya, na dawa hiyo nzito ilipotumika melini haikufua dafu. Mwaka 1795 jeshi la majini lilianza kugawa maji ya limau yasiyopikwa, na kiseyeye kikapungua sana. Kisha miaka ya 1860 wakabadilisha malimau kwa ndimu za visiwa vya Karibi, ambazo zina vitamini C pungufu, na maji yake yalihifadhiwa muda mrefu na kupitishwa kwenye mabomba ya shaba. Shaba huiharibu vitamini C haraka mno. Mwaka 1875 msafara wa Waingereza kuelekea ncha ya kaskazini ulikuwa na maji ya ndimu, na bado mabaharia waliugua kiseyeye. Vitamini C yenyewe ilikuja kutambuliwa miaka ya 1930.

Niseme kweli hapa, kwa sababu mitandaoni kuna chumvi nyingi. Vitamini C haifi papo hapo ikigusa maji ya moto. Ndani ya uchachu wa ndimu huwa na ustahimilivu kiasi, na kikombe cha moto unachokinywa ndani ya dakika kumi hakijapoteza sana. Kinachoiua ni mchemko mrefu, hewa, madini kama shaba na chuma, na kukaa. Ndimu iliyokatwa vipande ikachemshwa nusu saa na tangawizi, halafu kinywaji kikawekwa kwenye chupa ya chai hadi jioni, imepitia karibu yote hayo.

Na vitamini si sababu pekee. Ukichemsha ndimu na maganda yake, kinywaji huwa kichungu. Kwenye nyama nyeupe ya ganda na kwenye kokwa kuna kitu ambacho tunda likiwa zima hakina ladha, lakini kikikutana na uchachu wa maji ya tunda, taratibu hugeuka limonini, nayo ni chungu kweli kweli. Joto huharakisha. Ndiyo sababu hata juisi ya machungwa iliyoachwa muda mrefu huanza kuuma ulimi. Ukitaka harufu ya ganda, kwangua ile ngozi ya juu tu, ya kijani au ya njano, uitie pamoja na maji ya ndimu.

Halafu kuna sufuria yenyewe. Nyingi za kwetu ni za alumini, na uchachu uliochemshwa humo hula alumini ukaichanganya na kinywaji. Ndimu ikikamuliwa kikombeni au kwenye jagi la kioo, tatizo hilo halipo kabisa.

Anayetaka harufu ya ndimu ndani ya chai ya maziwa ana mchaichai. Harufu yake inatokana na sitrali, ile ile iliyomo kwenye ganda la limau, lakini mchaichai hauna uchachu wa kukata maziwa. Unaweza kuuchemsha na tangawizi tangu mwanzo bila wasiwasi. Kwangu hii ndiyo zawadi kubwa ya bustani za Waswahili.

Je, kinywaji hiki kinatibu mafua? Hapana, na sipendi tudanganyane, hasa baada ya tuliyoyaona mwaka 2020 wakati wa korona, watu wakiitegemea ndimu na tangawizi kupita kiasi. Mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, umeonyesha kwamba kumeza vitamini C kila siku hakuwazuii watu wa kawaida kupata mafua. Hufupisha siku za kuumwa kidogo, kama asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Kuianza baada ya kuugua hakukuonyesha faida ya kuaminika. Lakini kinywaji cha moto chenyewe si kitu bure. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda, cha moto au cha joto la chumbani. Cha moto kiliwapa nafuu ya papo hapo ya koo, kikohozi, makamasi na baridi ya mwili, ingawa vipimo havikuonyesha pua kuzibuka zaidi. Nafuu hiyo ni kitu kikubwa kwa mtoto anayeshindwa kulala. Ila homa ikiwa kali au haishuki, sufuria iachwe, mtoto apelekwe akapimwe malaria.

Kama unachokitafuta ni vitamini C hasa, mwelekee mpera. Gramu 100 za mapera zina takriban miligramu 228. Machungwa yana kama 53, na ndimu kama 29. Ndimu mbili zikigawanywa kwa watu sita hazimfikishi hata mmoja kwenye miligramu 45 ambazo Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu mzima kwa siku. Pera moja linapita.

Asali nayo ina mpaka wake, na mpaka huu haukiukwi: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzizuia, zikatoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Aliyevuka mwaka anaweza kupewa, na asali kweli hutuliza kikohozi cha usiku. Mwenye sukari aipime. Mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa za kuyeyusha damu azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kuifanya tangawizi ya kila siku. Meno yasuuzwe kwa maji matupu baada ya kinywaji, na mswaki usubiri nusu saa, kwani uchachu hulainisha kwa muda ngozi ngumu ya jino.

Mdalasini pia utazame kabla ya kununua. Ule wa aina ya Ceylon, yaani Sri Lanka, ni magamba mengi membamba yaliyoviringishwa pamoja, unavunjika kwa vidole. Aina ya kasia ni gamba moja nene, gumu, lililojikunja pande mbili kama jamvi lililoanza kukunjwa. Kasia ina kumarini nyingi, ambayo ikitumiwa kwa wingi kila siku huweza kuumiza ini. Kwa kikombe cha mara moja moja si neno.

Kwa watu sita mimi hupima hivi: maji lita moja na nusu, tangawizi mbichi yenye ukubwa wa vidole gumba viwili ikiwa imepondwa kwenye kinu pamoja na ganda lake lililooshwa, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole, karafuu nne, mchaichai fundo moja. Vichemke vikiwa vimefunikwa dakika kumi na tano, iliki mbili ziingie mwishoni, viepuliwe. Vikae dakika kumi, vichujwe. Ndimu mbili zikamuliwe ndipo sasa, na asali kila mtu kwenye kikombe chake, ikishanyweka, maana joto kali hupoteza harufu yake. Kinachobaki nakiweka kwenye jokofu bila ndimu. Kesho yake nakipasha moto, nakata ndimu nyingine.