Mijusi wenye ndevu wakilaliana, si mahaba

Wafugaji wengi wa mijusi wenye ndevu, wale wenye asili ya Australia, wakiwaona wawili wamelaliana chini ya taa ya joto husema wanapendana. Sivyo. Kwa asili kila mmoja huishi kivyake, na hapo wanagombea joto: wa juu kajitwalia mwanga, wa chini kaachiwa kivuli. Mtazame huyo wa chini. Huenda tumbo lina michirizi myeusi, dalili ya msongo, au anainua mkono mmoja na kuuzungusha polepole. Wengi hudhani anapunga kusalimia, kumbe anasalimu amri. Wakiendelea kukaa pamoja, mnyonge anaweza kung'atwa vidole au ncha ya mkia. Kila mmoja apewe kizimba chake, na taa yake.