Mbegu za mtungini: yanayosemwa na yalivyo

Huku Nyanda za Juu Kusini, ng'ombe wa maziwa akihimilishwa (akipandikizwa mbegu za dume kwa mrija, bila dume mwenyewe) mara mbili bila kushika mimba, utasikia: "Mbegu zilikuwa za zamani." Umri hauna kosa. Mbegu iliyozama kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzijoto 196 chini ya sifuri, haizeeki. Australia walihimilisha kondoo kwa mbegu zilizogandishwa mwaka 1968. Nusu karne baadaye zilishikisha mimba sawa na mbegu zilizogandishwa mwaka mmoja tu.

Kinachoziua ni kupata joto njiani, na mbegu nyingi zinatoka mbali, Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kule Usa River, Arusha. Mrija unaobeba mbegu ni mwembamba kama bua la nyasi. Ukiinuliwa hadi mdomoni mwa mtungi, sekunde chache tu zinatosha kuupasha. Ukivuka nyuzi 130 hivi chini ya sifuri, chembe za barafu huanza kukua na kuchana mbegu. Ukirudishwa utaganda tena, na kwa macho hauna kasoro yoyote. Kwa hiyo bwana mifugo anayenyanyua nje kikopo kizima kinachoshika mirija mtungini huku akitafuta jina la dume anaharibu mirija yote iliyomo, pamoja na ya jirani yako wa wiki ijayo. Kikopo kibaki chini ya shingo ya mtungi, kibanio ndicho kitoe mrija, na orodha ya madume iwe imebandikwa nje.

Wengine hudai kwamba kwa baridi ya Makete au Kitulo hata friza inatosha. Friza ya nyumbani ina nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, kwa mbegu hilo ni tanuri. Naitrojeni nayo hugeuka mvuke hata kwenye baridi, na ule moshi mweupe si ushahidi kwamba ipo ya kutosha. Chovya kijiti cha kupimia, kitoe, angalia utando wa barafu umefika wapi. Shingo ya mtungi ikiota barafu kwa nje, mtungi umekufa: hamisha mbegu leo hii.

Kuyeyushia mrija kwapani? Hapana. Ni maji ya nyuzi 35 hadi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, kwa nusu dakika au zaidi kidogo. Kisha ukaushwe vizuri, maji yakiingia yanaua mbegu. Uliokwisha kuyeyuka haugandishwi tena, hata ng'ombe akigoma.

Na mkibeba mtungi garini fungueni vioo: naitrojeni haina harufu, na hufukuza hewa ya kupumua.