Nati ya loki ya tairi ni nini, na ikigoma inatolewaje

Nati ya loki ni nati ya tairi ambayo wili spana ya kawaida haiifungui. Kwa nje ni ya mviringo, laini, haina zile pembe 6 za kushikwa na soketi. Usoni pake pamechongwa mchoro: mfereji wa mawimbi, vitundu, au meno ambayo nafasi zake hazilingani. Mchoro huo unaingiliana na kipande kimoja cha chuma kinachouzwa pamoja na nati zenyewe, na hicho ndicho ufunguo wa loki. Upande mmoja ufunguo una kinyume cha ule mchoro, upande wa pili una pembe 6. Unauchomeka kwenye nati, unavalisha spana, unafungua. Kwa kawaida seti huwa na nati 4, moja kila tairi. Noah au Harrier yenye nati 5 kila tairi basi inatembea na nati 16 za kawaida na 4 za loki, na hizo 4 ndizo zinazoamua kama tairi litatoka.

Zilitengenezwa kwa sababu ya wezi wa rimu. Rimu za spoti za alumini zina bei, na kama nati zote ni za kawaida, mwenye jeki na spana hahitaji muda mrefu. Loki haimzuii mwizi aliyejiandaa. Inamchelewesha, na mara nyingi kuchelewa kunamtosha kwenda kwenye gari la jirani. McGard ya Marekani na KYO-EI ya Japani ni kati ya kampuni zinazozitengeneza, na magari mengine hutoka nazo dukani yakiwa mapya. Rimu za chuma zilizofunikwa wili kapu hazina haja nazo. Sijasikia mwizi anayezitaka.

Hapa Tanga tatizo huanza kabla gari halijafika mjini. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza: yametoka kwa mwenyewe, yakaenda mnadani, yakapanda meli, yakapita kwa wakala wa forodha, dereva wa kulileta na pengine dalali. Ufunguo wa loki ni kitu kidogo kuliko soketi ya kawaida, na kila mkono uliopita ulikuwa na nafasi ya kuupoteza. Gari likiwasili linawaka vizuri, tairi zina meno, nani atauliza? Siku ya pancha, kijana wa tairi pale Ngamiani anakaa chini, anafungua nati 4, anainua uso: "Dada, loki yake iko wapi?" Dada ndiyo kwanza anasikia kwamba gari lake lina loki.

Kabla ya kushika nyundo, tafuta. Angalia kwenye mfuko wa jeki, ndani ya tundu la spea tairi, chini ya zulia la buti, kwenye droo ya dashibodi na mifuko ya milango. Ukipata kikaratasi au kadi yenye namba, itunze, kwani baadhi ya watengenezaji huuza ufunguo mwingine kwa namba hiyo. Kwa Volkswagen namba hupatikana pia kwenye ufunguo wenyewe, jambo lisilomsaidia aliyeupoteza bila kuinakili.

Sasa kuna matatizo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, ufunguo upo lakini nati imegoma. La pili, ufunguo haupo, au umevunjika, au mchoro wa nati umeliwa. La kwanza likishughulikiwa kwa hasira huzaa la pili.

Nati hugoma kwa sababu mbili kubwa. Moja ni chumvi. Gari linalolala Raskazone au Sahare, au linalokwenda Pangani kila wiki, hupata upepo wa bahari usiku na mchana, na nati ikikaa miaka bila kuguswa, kutu huishika kwenye hesi, yaani meno ya ndani inayozungukia, na pale inapokalia rimu. Sababu ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo mbaya zaidi, ni mashine ya upepo ya kukazia na kufungulia nati. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nati ikazwe kwa nguvu ya nyutoni-mita 103 hivi. Kwa spana ya urefu wa sentimita 35, hiyo ni kusukuma mwisho wake kwa uzito wa kilo 30 tu. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya spana hiyo amezidisha zaidi ya mara mbili, na mashine ya upepo iliyoachwa ikilia inaweza kupita hapo. Nati ya kawaida huvumilia mchezo huo. Ya loki ina mchoro mwembamba, na mapigo ya mashine ndiyo huupasua ufunguo au kuyala meno yake. Kazi ya mashine ya upepo kwenye loki ni moja: kukaa mbali nayo.

Kwa hiyo nati iliyogoma inaendewa kwa mkono. Gari likiwa chini, handibreki imevutwa na mawe yamewekwa nyuma ya tairi, safisha mchoro kwa sindano au brashi ya waya mpaka uone chuma, maana mchanga uliokaa ndani huuzuia ufunguo kuingia wote. Uchomeke, ugonge kidogo kwa nyundo ukae sawasawa. Puliza WD-40 au mafuta mengine mepesi pale nati inapokutana na rimu, si usoni, kwa sababu nati nyingi za loki zimezibwa kichwani na mafuta hayafiki kwenye hesi. Acha yakae usiku kucha ukiweza, na yasifike kwenye diski ya breki. Mafuta ya breki, ambayo wengine huyamwaga badala yake, hula rangi. Kisha kuna ujanja ambao mafundi wazuri wanaujua: usifungue zile nati nyingine kwanza. Ukizifungua, mzigo wote wa kulibana tairi unabaki kwenye loki peke yake. Ziache zimekazwa, hata uziongeze kidogo, ili loki ipumue. Vuta spana ndefu, au yenye bomba, kwa nguvu inayopanda polepole, bila kuishtua, huku mkono mmoja ukiushikilia ufunguo usiruke. Kama haisogei, ikaze kidogo sana halafu urudi kushoto. Kutu hukatika kwa upande wowote.

Aliyezoea Fuso au Isuzu za mizigo aangalie jambo moja. Baadhi ya malori ya Kijapani yana hesi ya kinyume kwenye tairi za kushoto, zinafunguka kwa kuzungusha kulia. Gari dogo la kisasa halina hilo. Zote zinafunguka kushoto.

Ufunguo ukiwa haupo kabisa, kifaa sahihi ni soketi ya kung'olea nati zilizoharibika. Ndani yake kuna meno yaliyojizungusha kushoto, hivyo kadiri unavyofungua ndivyo yanavyozidi kuuma ngozi ya nati. Inagongwa kwa nyundo mpaka ishike, kisha inazungushwa. Isipokuwapo, mafundi hugongelea soketi ya kawaida iliyo ndogo kidogo kuliko nati. Inafanya kazi mara nyingi, ila soketi hiyo ihesabu imekufa, na iwe ile nyeusi ya mashine: zile zinazong'aa ni ngumu lakini hupasuka, na kipande chake hakichagui jicho. Vaa miwani. Loki nyingine zina pete ya nje inayozunguka bure, kwa hiyo soketi inazunguka na pete huku nati imetulia. Hiyo pete lazima ivunjwe kwa tindo kwanza.

Kuchomelea nati nyingine juu ya loki ndiyo njia ninayoikataa. Rimu ikipata moto mkali, mpira kwa ndani huanza kuoza kwa joto na kutoa gesi, na tairi linaweza kulipuka hata muda baada ya moto kuzimwa. Watu wamekufa hivyo. Kutoa upepo tu hakuifanyi kazi hiyo kuwa salama. Anayekwambia "tunagusa sekunde mbili tu, bosi" mwondolee gari lako.

Drili ni ya mwisho. Chuma cha loki kimefanywa kigumu makusudi, kwa hiyo biti ya kawaida itateleza na kuungua, na inahitajika biti nzuri, mwendo wa taratibu na mafuta ya kupoza. Gari la Kijapani lina stadi, yaani chuma chenye hesi kinachotoka kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake), na nati hukaa juu yake. Ukitoboa unaiua stadi pia, na hiyo inagongwa itoke, mpya inavutwa mahali pake. Kwenye baadhi ya magari hakuna nafasi nyuma, habu lazima ishuke. Volkswagen na magari mengi ya Ulaya hayana stadi, yana boliti. Ukikata kichwa chake, rimu inatoka na mguu uliobaki unashikwa kwa koleo.

Nati za kuweka badala yake zisiokotwe kwenye kopo la gereji. Toyota, Honda na Mitsubishi ndogo nyingi ni unene wa milimita 12 kwa hatua ya hesi, yaani umbali wa jino hadi jino, ya milimita 1.5, Nissan, Subaru na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Zinafanana machoni. Ukiweka ya 1.5 kwenye stadi ya 1.25 itaingia mizunguko michache kisha itakaza, na mwenye haraka ataimalizia kwa mashine na kuyafyeka meno. Hata kitako kinatofautiana: chenye umbo la koni, cha mviringo kama mpira, au bapa chenye washa. Kikikosea, nati itaonekana imekaza kumbe haijakalia rimu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zipitie tena kwa spana.

Je, loki zirudishwe? Kama rimu ni za chuma, au ni za spoti zilizokwisha kukwaruzwa na kila kingo ya Barabara ya Ishirini, mimi ningezitoa zote 4 siku hiyo hiyo. Mwenye rimu za bei azibakishe, apige picha mchoro wa ufunguo na namba yake, azikaze kwa mkono zikiwa za mwisho na azifungue zikiwa za kwanza. Na akitoka kwa fundi tairi adai ufunguo wake mkononi kabla ya kulipa, kwani ukisahaulika umechomekwa kwenye nati utadondoka njiani hata kabla hujavuka Pongwe, nje kidogo ya mji.