Kukomaza tangi la maji ya chumvi: maana yake

Kukomaza tangi ni kuwaotesha bakteria wanaokula sumu ya samaki kabla samaki wenyewe hawajaingia. Maji yanaweza kuwa maangavu, chumvi imepimwa vizuri, gramu 35 hivi kwa lita, na samaki bado akafa ndani ya siku chache.

Kinachomuua ni amonia. Huitoa mwenyewe, zaidi kupitia matamvua, na chakula kinachoozea chini huiongeza. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8 na ushei, na kwa pH hiyo amonia huwa kali zaidi.

Kundi moja la bakteria, wakiwemo Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti. Jingine, wakiwemo Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wengi hujishika kwenye mawe, mchanga na sponji ya chujio. Kwa hiyo usioshe sponji kwa maji ya bomba yenye klorini. Ioshe kwa maji uliyotoa tangini.

Ili waote, watilie amonia isiyo na sabuni wala manukato, kama miligramu 2 kwa lita, kisha weka jiwe kutoka tangi la bahari lililokwisha komaa. Sponji ya tangi la maji yasiyo na chumvi haitakufaa sana.

Sisi wa Mbeya na Iringa tuna jambo letu. Wiki 4 hadi 6 zinazotajwa kila mahali ni za maji yenye nyuzi 25 hivi. Bakteria hawa huzaana polepole hata kwenye joto. Kwa baridi ya Juni na Julai huzubaa kabisa. Washa hita tangu siku ya kwanza, hata kama tangi halina samaki. Tena huku juu hewa ni nyepesi, maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani, na bakteria hawa huihitaji sana. Pampu ya hewa ya betri, ya kushika zamu umeme ukikatika, naiona ya lazima kuliko taa za rangi.

Usihesabu wiki, pima. Tia amonia miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zikisoma sifuri, tangi limekomaa. Badilisha maji mengi kushusha nitrati, ingiza samaki mmoja, na upime tena kabla ya kumleta wa pili.