Ubora wa magari ya Urusi wakati wa vita: maana yake na mfano wa kifaru T-34

Kushuka kwa ubora wa uundaji wakati wa vita ni hali ambapo kiwanda huendelea kutoa magari, pengine mengi kuliko zamani, lakini kila linalotoka ni hafifu kuliko lile ambalo kiwanda hichohicho kingeliunda wakati wa amani. Ndani ya dhana hii mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni urahisishaji, yaani kuondoa kwa makusudi kitu ambacho gari laweza kwenda bila hicho. La pili ni kasoro, yaani kitu kilichokusudiwa kuwemo lakini kikaundwa vibaya. Kifaru T-34 cha Umoja wa Kisovieti kilikuwa na yote mawili.

Baada ya Ujerumani kushambulia tarehe 22 Juni 1941, kiwanda namba 183 cha Kharkiv, ambacho ndicho kilichokibuni kifaru hicho, kilihamishwa kwa treni hadi Nizhny Tagil katika eneo la Ural, mashine zikafungwa upya ndani ya kiwanda cha mabehewa, na nafasi za mafundi wengi wazoefu zikashikwa na wanawake na vijana waliojifunza kazi wakiwa kazini. Mpira ulikuwa haba, kwa hiyo baadhi ya vifaru vilitolewa vikiwa na magurudumu ya chuma kitupu, na makelele pamoja na mtikisiko wake yakawa mzigo wa waliomo ndani. Huo ulikuwa urahisishaji: waliouamua walijua wanachokiacha.

Kasoro zilikuwa jambo jingine. Mwaka 1942 Wasovieti walipeleka T-34 moja Marekani, na mwishoni mwa mwaka huo ikajaribiwa katika uwanja wa Aberdeen, jimbo la Maryland. Wamarekani walisifu umbo la deraya yake iliyoinama pamoja na injini yake ya dizeli, lakini injini hiyo iliharibika baada ya kilomita 343, kwa kuwa chujio la hewa lilipitisha vumbi likaingia hadi kwenye silinda na kuzila. Mvua kubwa iliponyesha, maji yalipenya kwenye mianya ya bodi yakaharibu vifaa vya umeme. Giaboksi nayo ilikuwa ngumu kiasi kwamba vitani dereva alisaidiwa na mwenzake wa redio kuuvuta mkono wa gia.

Kwa nini vifaru vya namna hii vilipokelewa? Bei yake ilishuka kutoka rubo 269,500 mwaka 1941 hadi 135,000 mwaka 1943, na mwaka 1942 pekee vilitolewa zaidi ya 12,000. Hoja ya kawaida husema kwamba kifaru kisichotarajiwa kudumu vitani hakihitaji injini ya kudumu miaka. Hoja hiyo ina ukweli, ila hutumiwa kupita kiasi, maana kifaru kinachokufa njiani kabla ya kufika vitani ni hasara tupu, hata kama kiligharimu kidogo. Wasovieti wenyewe hawakuridhika nayo: katika mwaka 1943 walianza kufunga machujio bora na giaboksi ya gia tano, na mashine za kulehemu za mhandisi Evgeny Paton ziliwawezesha wafanyakazi wasio na ujuzi mkubwa kuunganisha bodi kwa uimara uliohitaji mafundi hodari hapo awali.

Katika vita vya Ukraine, dhana hii imefika hadi kwenye magari ya kiraia. Mei 2022, vikwazo vikiwa vimekata vipuri vya nje, serikali ya Urusi iliruhusu magari yenye vifaa pungufu, na mwezi uliofuata kampuni ya magari AvtoVAZ ya Togliatti ikaanza kutoa gari la Lada Granta lisilo na mifuko ya hewa ya usalama wala breki za ABS, yaani zinazozuia magurudumu yasigande dereva akibana breki kwa nguvu. Hapo hakuna fundi aliyekosea. Ni urahisishaji uleule, isipokuwa safari hii anayeubeba ni mnunuzi wa kawaida na familia yake.