Je, wajua? Msitu ukikatwa mbao, aina za ndege zinaweza kuongezeka

Wengi wanaamini msitu ukishapitiwa na wapasua mbao unabaki kimya, ndege wote wamehama. Wapi! Nenda asubuhi, kelele zinaweza kuzidi za msitu ambao haujaguswa, na ukihesabu aina unaweza kukuta zimepanda. Hapo ndipo watu wanapoingia chaka, maana hesabu iko sawa ila ndege sio wale wale. Miti ikiondoka mwanga unaingia, vichaka na maua yanachipua, basi ndege wa maua kama chozi wanakuja, shorewanda wanakuja, na hao hata shambani kwako wapo. Halafu kuna mtego mwingine: wataalamu hunasa ndege kwa nyavu nyembamba zinazotegwa karibu na ardhi, sasa miti mirefu ikiangushwa wale wa juu wanashuka na kunasa, kwenye daftari wanaonekana wageni kumbe walikuwepo siku zote. Namba za nyavu peke yake usizimeze nzima nzima.

Wanaopotea ni ndege wa chini wanaokula wadudu. Milima ya Usambara Mashariki, Tanga, kuna alethe, ndege mdogo wa mgongo wa kahawia na kifua cheupe, yeye hufuata msafara wa siafu. Siyo kwamba anawala siafu, anangoja panzi na buibui wakurupuke kuwakimbia ndo anawadaka (kazi safi kabisa, wengine wanahangaika yeye anakula).

Sasa kwa nini miti michache tu imharibie? Chukulia wali jikoni. Umefunika, mvuke unazunguka humo humo, wali unaiva mpaka juu. Sogeza mfuniko kidogo, mvuke unatoroka, na wa juu unabaki mgumu hata kama moto na maji hujavigusa. Matawi ya juu ndo mfuniko wa msitu. Mti mkubwa ukianguka unalaza na majirani zake, jua linapiga mpaka chini, majani yaliyodondoka yanakauka, wadudu wa unyevunyevu wanapungua, na ndege wengi wa kivulini hata kukatiza hilo pengo lenye mwanga hawataki.

Usambara Mashariki mbao zilivunwa kwa mashine miaka ya 1970 na 1980, kisha msitu wa Amani, huko huko, ukatangazwa hifadhi mwaka 1997. Mashine zikaondoka, musizi ukabaki. Huu ni mti uliopandwa huko kwa ajili ya mbao, sio wa milima hiyo, unaota haraka kwenye mapengo, na majani yake yanaoza upesi kwa hiyo chini panabaki na tabaka jembamba, yaani shida ile ile ya alethe. Na anayeusambaza zaidi ni hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa! Anakula matunda, mbegu anazidondosha mbali. Yeye mwenyewe sasa akitaka kuzaa anahitaji pango kwenye mti mnene wa zamani, jike aingie humo, mlango uzibwe, alishwe kupitia ufa, na miti minene ndiyo wapasua mbao waliyoanza nayo.