Tina Si Maji: Dhana Potofu Kuhusu Dopu na Rangi za Ndege za Mfano

"Tina ni tina, mradi inanuka kali."

Dhana hii ndiyo iliyozaa nyingine zote, na inaumiza kwa sababu hasara yake huja mwishoni, mtu akiwa ameshakata mbavu za balsa, ule mti mwepesi sana, ameziunganisha na kuwamba karatasi nyembamba juu ya kiunzi cha bawa. Anachukua kopo la tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, lililobaki kwa fundi rangi wa magari, anamimina ndani ya dopu, ile laka ya kukaza karatasi ya bawa, na dopu inageuka ute wenye nyuzinyuzi.

Dopu ni selulosi iliyoyeyushwa. Ukiipaka, viyeyushi vinaruka na selulosi inabaki ikijikaza, inaivuta karatasi mpaka bawa linalia ukiligonga kwa kucha. Kwa hiyo kazi ya tina si kuifanya dopu iwe nyepesi tu. Lazima iendelee kuiyeyusha selulosi hadi dakika ya mwisho ya kukauka. Ndani ya kopo la tina nzuri mna viyeyushi vyenyewe, kama asetoni na asetati ya butili. Mna alkoholi zinazovisaidia. Halafu mna toluini au zailini, ambazo peke yao haziyeyushi selulosi, ila hupunguza uzito na gharama. Kundi hilo la mwisho likizidi, kama ilivyo mara nyingi kwenye tina za bei poa za kuoshea bunduki za rangi, selulosi hujitenga na kuganda. Petroli, mafuta ya taa na tapentaini haviiyeyushi kabisa. Tapentaini ipeleke kwenye enameli, yaani rangi ya mafuta, ndiko kwao.

"Dopu ni moja."

Ziko mbili. Dopu ya naitreti hushika vizuri kwenye mbao na karatasi, lakini mafuta ya injini ndogo zinazotumia methanoli huilainisha, na inashika moto haraka mno. Dopu ya butireti huyavumilia mafuta hayo vizuri zaidi. Butireti unaweza kuipaka juu ya naitreti. Ukigeuza, naitreti juu ya butireti, tabaka la juu halishiki sawasawa na litakuja kubanduka. Tina ya NC ya madukani, ile ya laka za samani, imetengenezwa kwa ajili ya selulosi ya naitreti, ndiyo maana ya NC, kwa hiyo kwa naitreti mara nyingi inafaa. Kwa butireti usibahatishe: nunua tina iliyoandikwa kwa ajili yake.

Usipojua kopo ulilonalo ni la namna gani, chukua dopu kidogo kwenye chupa ya kioo, ongeza tina polepole, tikisa, tazama kwenye mwanga. Ikibaki angavu iache ilale usiku kucha. Asubuhi weka tone juu ya kipande cha kioo. Likikauka gumu na angavu, endelea kwenye kipande cha balsa kilichovikwa karatasi. Likikauka na utando mweupe siku kavu, tina hiyo haifai.

"Asetoni tupu ndiyo bora, inakausha upesi."

Kukausha upesi ndiko kunakoleta balaa. Kiyeyushi kikiruka kwa kasi huchukua joto, uso wa bawa unapoa, na unyevu wa hewani unatua ndani ya dopu ambayo bado ni mbichi. Selulosi inajitenga na maji hayo, na bawa linapauka kama limepakwa chokaa. Anayefanya kazi hii Mombasa, Dar es Salaam au Unguja wakati wa masika atakutana na jambo hili hata kwa tina nzuri. Wengi hudhani ni doa la juu tu na kulifunika kwa rangi, lakini tabaka lililopauka pia ni dhaifu. Ngoja siku kavu, kisha puliza juu yake tina iliyochanganywa na ritada kidogo, yaani kiyeyushi kinachoruka taratibu. Dopu italainika tena, unyevu utatoka, na ung'avu utarudi.

"Bawa likipinda, ongeza tina."

Tina yote inaruka. Kinachovuta ni selulosi iliyobaki. Dawa ya mvuto uliozidi ni matone machache ya mafuta ya mbarika ndani ya dopu, na kulibana bawa kwenye ubao bapa wakati linakauka. Matone machache, narudia, maana yakizidi bawa litanata.

"Rangi ikishakauka, paka chochote juu yake."

Enameli juu ya dopu iliyokauka vizuri, sawa. Dopu juu ya enameli, rangi ya chini inavimba na kukunjamana. Povu la polistirini, lile jeupe la kufungashia televisheni, linayeyushwa na dopu mbele ya macho yako. Rangi za maji kama Vallejo huganda zikikutana na tina ya laka. Rangi za polyurethani, zinazochanganywa na hadina, yaani kigumishi, zinahitaji tina yake maalumu, kwa kuwa alkoholi iliyomo kwenye tina ya NC humenyuka na hadina na kuidhoofisha rangi.

"Ukimaliza kupuliza, kunywa maziwa."

Mafundi wetu wengi wanaiamini hii kwa moyo wote. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke umeingia mapafuni na kutoka hapo kwenye damu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wafanyakazi wa viwanda vya ndege vya Uingereza na Ujerumani waliopaka dopu yenye tetrakloroethani waligeuka manjano kwa kuharibika ini, na baadhi yao walikufa. Kiyeyushi hicho kiliachwa, lakini toluini ya leo nayo hudhuru ubongo na neva. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa vya mvuke wa kemikali. Fanyia kazi nje au mahali penye upepo wa kupita, na zima jiko hata kama liko upande wa pili wa chumba, kwa sababu mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni hadi uufikie moto.